Kiti cha Kushoto cha Pikapu ya Mwantumu

Hapo zamani, wala si zile za fisi kuoa na sungura kuwa hakimu, ni za juzi tu, mashahidi wake wengine bado wanakunywa chai, aliishi huko milimani Usambara mwanamke aitwaye Mwantumu. Mwantumu alikuwa na pikapu yenye umri mkubwa kuliko wake. Aliachiwa na marehemu mumewe, Shekifu, naye akajifunza kuiendesha hivyo hivyo, kwa kulia na kutukana gia. Kila Jumatatu alishuka nayo kwenye gulio la bondeni. Mapeasi nyuma, akina mama juu ya mapeasi, Mwantumu kwenye usukani.

Na kiti cha kushoto, kando yake? Hicho kilikaliwa na koti. Koti la marehemu, mwaka wa nne huo. Mvua ikinyesha, akina mama wanalowa, koti limekaa pakavu. Baridi ikiuma, akina mama wanatetemeka, koti limetulia. Na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mwaka huo kutu ilianza kuila pikapu. Mwantumu akamwita Singano, mpaka rangi, mjane kama yeye, mtu wa maneno machache, ambaye kazi za watu wengine huzimaliza kwa siku mbili na za Mwantumu kwa wiki.

"Singano," akamwambia, "usiniachie hata upenyo. Paka mpaka pasipoonekana."

Singano akapaka mpaka pasipoonekana. Alizifungua taa za nyuma, akapaka chini yake mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, rangi ikakauka, akazirudisha taa mahali pake na kuzikaza. Pikapu ikatoka ya kijani, inang'aa, hata kuku wakawa wanaikimbia.

Jumatatu iliyofuata vituko vikaanza. Ukikanyaga breki, taa za nyuma haziwaki, ila indiketa za mbele zinafumbua jicho kidogo. Ukiwasha indiketa ya kushoto, gari zima linakonyeza. Likamkonyeza mwalimu wa madrasa. Likamkonyeza mwenyekiti wa kijiji, tena akiwa na mkewe. Watu wakacheka wakasema mjane ana haya zake, gari lake ndilo halina. Mwantumu naye akacheka.

Kicheko kiliisha kwenye kona ya msitu. Ukungu ulikuwa umeshuka, ng'ombe wakavuka barabara, Mwantumu akakanyaga breki. Nyuma yake lilikuwa linakuja lori la mbao, na dereva wake hakuona taa yoyote. Lilipofanikiwa kusimama, pua yake ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye magoti ya akina mama. Mwantumu akateremka, akawahesabu kwa kuwagusa mmoja mmoja, kumi na mmoja, kisha akarudia kuwahesabu. Hakuwa ameogopa hivyo tangu siku aliyomzika Shekifu.

Akaliegesha gari uani, akaapa halitoki mpaka taa ziwake. Mapeasi yakaanza kulainika kwenye magunia, na akina mama wakaanza kumtazama. Ndipo aliposimama mbele yao na kusema: "Atakayeziwasha taa zangu za nyuma, kiti cha kushoto ni chake. Kila Jumatatu, mpaka nife mimi au life gari."

Watu wakatazamana. Walijua ni kiti gani anachokisema.

Akaja Hoza, fundi waya, mtu mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku ya kwanza akabadilisha fyuzi.

"Kanyaga breki, dada!" Mwantumu akakanyaga. "Imewaka?"

"Haijawaka!" wakajibu akina mama. "Inakonyeza!"

Siku ya pili akabadilisha globu zote.

"Kanyaga breki, dada!" Mwantumu akakanyaga. "Imewaka?"

"Haijawaka! Inakonyeza!"

Siku ya tatu akalala chini ya gari tangu asubuhi, akavuta waya mpya kutoka mbele mpaka nyuma. Kila alipofika aliipima kwa testa yake, huku kibanio cha testa amekibana kwenye bolti ya chesesi, chuma kitupu cha chini ya gari, na testa ikawaka kila mara. "Umeme unafika, dada. Nakuapia unafika!"

"Unafika wapi na mimi siuoni?" akauliza Mwantumu. Mguu wake ulikuwa umechoka kwa kukanyaga.

Na siku zote hizo tatu, Singano mpaka rangi alikuwa ameketi juu ya debe pembeni ya ua, kikombe cha chai ya Mwantumu mkononi, kimya.

Jioni ya siku hiyo ya tatu akapita Bi Nyange akitoka shambani. Bi Nyange ana magoti mabovu na jembe zuri. Akaona mlango wa nyuma wa pikapu umeachwa wazi, akajiketisha hapo apumzike, jembe lake akaliegemeza kwenye taa ya kushoto.

"Kanyaga breki, dada!" akasema Hoza, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Mwantumu akakanyaga.

Taa ya kushoto ikawaka. Nyekundu, safi, kamili.

"Imewaka!" wakapiga kelele akina mama. Bi Nyange akashtuka, akasimama na jembe lake. Taa ikazima. "Kaa, Bi Nyange!" Akakaa, akaegemeza jembe. Ikawaka. "Simama!" Akasimama. Ikazima. "Kaa!"

"Nyie watu," akasema Bi Nyange, "kwani mimi ni swichi?"

Mmoja akanong'ona kwamba bibi huyu ana dua nzito. Lakini Hoza alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya gari, akitazama. Upande mmoja wa chuma cha jembe ulikuwa umegusa bati la taa. Upande mwingine ulikuwa umegusa bawaba ya mlango, iliyochubuka rangi kwa kufunguliwa na kufungwa. Hoza akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Arthi! Umeme unaingia kwenye taa, ila hauna njia ya kurudi kwenye bodi ya gari. Ndiyo maana unahangaika kutafuta njia kwenye indiketa, gari linakonyeza! Testa yangu niliipa njia ya kurudi kule kwenye chesesi. Taa hazikuwa na njia." Papo hapo akashika bisibisi, akaanza kufungua dashibodi ili aitafute arthi iliyokatika, kutoka mbele mpaka nyuma, kwa mara ya pili.

Singano akaweka kikombe chini.

"Usifungue kitu, Hoza," akasema. "Ni mimi."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha msasa. Akaifungua taa ya kushoto. Chini yake, pale bati la taa linapokutana na bodi, palikuwa na rangi yake, mikono mitatu, haina hata upenyo. Akaisugua mpaka chuma kikawa cheupe. Akaifungua ya kulia, akasugua vilevile. Akazirudisha zote mbili na kuzikaza.

"Kanyaga breki, Bi Mwantumu."

Mwantumu akakanyaga. Zikawaka zote mbili. Akawasha indiketa ya kushoto, ikapepesa ya kushoto peke yake, gari halikumkonyeza mtu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwantumu alibaki na mguu kwenye breki kwa muda mrefu, akitazama kwenye kioo jinsi wekundu ulivyoenea juu ya ukuta wa nyumba yake, na alilia kidogo, wala hakuona haya.

Aliposhuka, akawakuta watatu wamesimama kwenye mlango wa kushoto.

"Kiti ni changu, dada," akasema Hoza. "Nimelala chini ya gari hili siku tatu. Waya mpya, globu mpya, fyuzi mpya, vyote kwa mkono wangu. Na jembe lilipoiwasha ile taa, nani alijua kwa nini? Wengine mlisema ni dua. Aliyeitaja arthi ni mimi."

"Kiti ni changu, mwanangu," akasema Bi Nyange. "Fundi amehangaika siku tatu, gari linakonyeza tu. Mimi nimekaa kidogo, taa ikawaka. Ulisema atakayewasha, hukusema atakayejua kwa nini. Isitoshe nina magoti haya."

"Kiti ni changu, Bi Mwantumu," akasema Singano, akiitazama ardhi. "Wangefungua dashibodi wasiikute arthi mpaka mapeasi yageuke maji. Mahali pale nilipajua mimi tu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua kuwa ni mimi. Nimesema mbele ya watu wote."

"Aliyeizima!" akafoka Hoza. "Huyu ndiye aliyeizima, sasa anataka kiti kwa kuiwasha!"

"Niliizima kwa kupaka mpaka pasipoonekana," akajibu Singano taratibu. "Na aliyenituma nipake mpaka pasipoonekana yuko hapa."

Mwantumu akauchukua ule msasa mkononi mwa Singano, akaugeuzageuza. Ulikuwa umekatwa vizuri, upana sawasawa na taa ya pikapu.

"Singano. Huu msasa umekuwa mfukoni mwako tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Tangu juzi! Na Hoza anagaragara mavumbini, na mapeasi yangu yanaoza. Ulikuwa unasubiri nini?"

Singano akaitazama mikono yake yenye madoa ya kijani. "Nilijua taa zikiwaka tu," akasema, "sitakuwa na sababu ya kuja kunywa chai hapa."

Akina mama wakaangua kicheko. Hoza akatema mate pembeni. Mwantumu hakucheka, ila masikio yake yalipata moto, na waliokuwa karibu waliliona hilo.

Basi ikafika Jumatatu. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mtu humwoni mpaka umpige kikumbo. Mapeasi yaliyosalia yakapakiwa, akina mama kumi wakapanda juu yake, wa kumi na mmoja akabaki chini. Kwenye mlango wa kushoto wamesimama watatu: Hoza na testa yake, Bi Nyange na jembe lake, maana alisema huenda likahitajika, na Singano mikono mitupu. Mwantumu akafungua mlango. Akalitoa koti la Shekifu kwenye kiti, akalikung'uta vumbi la miaka minne, akalivaa yeye mwenyewe, akafunga vifungo vyote mpaka juu, akazunguka kuketi kwenye usukani.

Kiti kikabaki kitupu. Taa mbili nyekundu zinawaka nyuma, lori la mbao limeshafika na linapiga honi, na mikono mitatu imeshika kitasa kimoja. Mwantumu ameshika usukani, anatazama mbele, anasubiri kusikia mlango ukifungwa.

Haya, ninyi mnaocheka tangu mwanzo, msinitazame mimi. Fundi aliyehangaika akaelewa, bibi aliyeketi ikawaka, au mpaka rangi aliyeizima, akajua, akanyamaza, kisha akasema? Je, nani alistahili kufunga mlango ule akiwa ndani?