Kwa Nini Kaa wa Pak Nuan Hufinyanga Mchanga

Sogeeni huku, na nyie mlio nyuma acheni kunong'onezana, maana mimi sirudii maneno. Kulikuwa na enzi ambapo ufuo wa Pak Nuan ulikuwa mtupu. Maji yakipwa, mchanga ulibaki umetandazwa kama mkeka mpya, hauna kitobo wala kidonge, na huyu kaa mdogo mnayetaka kumkanyaga alikuwa bado hajaumbwa.

Mji wenyewe ulikuwepo. Pak Nuan ni mji mkongwe katika pwani ya Wathai, na hata enzi hizo watu wa bara walifunga safari kuja kuutazama, mpunga ukishavunwa na ng'ombe wakishapumzika. Walikuja kwa mikokoteni, wakala wali na ngisi wa kukausha, wakaona ukuta wa matofali mekundu, kilima cha nyani, hekalu la Buddha na mnara wake mweupe. Mwisho kabisa walipelekwa kuiona bahari, ambayo wengi wao walikuwa wakiisikia kwenye masimulizi tu.

Aliyewatembeza wageni alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Prayong. Alikuwa na miguu huyo! Alitangulia mbele, kofia yake ya majani ya mti wa mvumo kichwani, na wageni nyuma wakihema. Fahari yake ilikuwa kwamba jua halizami mgeni hajaona kila kitu. Nyani wakimpora mtu kitambaa, Prayong alipanda kilima mwenyewe akawafokea mpaka wakakiachia. Ndiyo maana alizoea kujigamba, "Katika mji huu mgeni hapotezi kitu." Ulimi hauna mfupa, jamani.

Mwaka mmoja, katika msafara wa mikokoteni alikuja mama wa bara jina lake Lamun. Alikuwa mpole, si msemaji. Pindoni mwa shuka lake alifunga njuga moja ya shaba. Njuga hiyo ilikuwa ya binti yake, aliyekuwa akiivaa mguuni kabla homa haijamchukua. Mtoto yule alikuwa akimsumbua mama yake kila siku: bahari ikoje, bahari ina rangi gani, tutakwenda lini? Lamun alimwambia watakwenda mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha, mtoto hayupo. Basi mama akaja na njuga, aichovye katika maji ya bahari, kisha arudi nayo nyumbani. Hakuwa na kingine cha mwanawe.

Hayo yote Prayong hakuyajua, na wala hakuuliza. Hekaluni Lamun alitaka kukaa kidogo, atulie mbele ya sanamu. Prayong akamshika mkono. "Twende, dada yangu, maji yakijaa utauona ufuo upana wa mkeka!" Walipofika kwenye mivinje, bahari ilikuwa mbali na tayari imeanza kurudi. "Kimbieni!" akawaambia wageni, naye akatangulia. Wakakimbia wakicheka, wazee kwa watoto, na mashuka yao yakipepea.

Lamun alipofika majini alichuchumaa, akalishika pindo lake. Fundo lilikuwa limefunguka. Njuga haikuwepo. Alikaa palepale mchangani, maji yakamlowesha, asijali. Prayong alipomwuliza kuna nini, akamweleza kwa maneno machache, na kila neno lilimchoma Prayong kifuani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Haraka ile ilikuwa yake mwenyewe.

"Dada Lamun," akasema, "sitoki ufuoni hapa mpaka niipate."

Akaanza papo hapo. Alichota mchanga, akauchekecha kwa vidole, akauminya kuwa donge, akaliweka kando. Donge lilikuwa na maana: hapa nimeshatafuta. Akachota tena. Aligundua pia kwamba akienda mbele anayakanyaga madonge yake, basi akawa anasogea kwa ubavu, hatua baada ya hatua, asiharibu kazi. Lakini bahari nayo ina kazi yake. Ilijaa, ikayafuta madonge yote, ikapwa, na ufuo ukabaki mtupu kama vile hakuna mtu aliyeugusa. Prayong akaanza upya.

Watu wa Pak Nuan walikuja kutazama, wengine kwa huruma, wengine kwa kucheka tu. Shangazi Thongbai, mwanika ngisi aliyeishi jirani yake, alimletea wali kila asubuhi na hakuacha kumsema. "Prayong mwanangu, hiyo njuga imeshamezwa na samaki."

"Basi nitamngoja aje aitapike, shangazi."

"Na wageni? Nani atawatembeza?"

"Ukuta haukimbii. Watauona wenyewe."

Msafara ulipokuwa tayari kuondoka, Lamun aliteremka ufuoni. Alikuwa na watoto wengine nyumbani, hangeweza kubaki. Alimkuta Prayong mgongo umepinda na vidole vimechubuka. "Mdogo wangu," akamwambia, "nimekusamehe. Toka moyoni. Acha sasa."

Prayong akainamisha kichwa, viganja pamoja kifuani, kwa adabu ya kwao. "Msamaha nimeupokea, dada. Lakini njuga sijaiona." Akachota mchanga mwingine. Lamun alipanda mkokoteni akilia, na hakujua kama analia kwa ajili ya mwanawe au kwa ajili ya mwanamke yule.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Ndivyo wanavyosema, lakini waliosema hivyo hawakushindana na bahari. Prayong alidhoofika. Alfajiri moja, maji yakiwa yamefika miguuni pake, bahari yenyewe ikamsemesha.

"Wewe binti, mbona unanisumbua? Kila nikipanda nakukuta, kila nikishuka nakuacha."

"Usipande, basi."

"Siwezi kuacha kupanda, kama wewe usivyoweza kuacha kutafuta. Tutakuwa hivi hivi mpaka ufe, na mikono yako ni mikubwa, nusu ya chembe zinakuponyoka. Naweza kukupa mikono midogo, na nyumba chini ya mchanga, ili nikijaa ujifungie humo badala ya kukimbia. Naweza kukupa watoto na wajukuu wa kukusaidia. Ila hutatembea tena mbele ya watu. Hakuna mgeni atakayelijua jina lako. Fikiri."

Prayong aliutazama mji. Aliuona ukuta, na kilima, na mnara wa hekalu ukianza kushika mwanga, na akahisi uchungu, kwa sababu aliupenda mji ule na alipenda kuitwa jina lake humo. Kisha akautazama ufuo, jinsi ulivyo mrefu. "Nipe hiyo mikono," akasema.

Shangazi Thongbai alipokuja na wali, alikuta kofia ya mvumo tu, imelala chini. Akaita, akaita. Halafu akaona mchanga unacheza. Kaa mdogo, saizi ya punje ya mahindi, alitoka kitoboni, akachota mchanga, akautia mdomoni, akauchekecha, akautoa ukiwa kidonge, akakiweka kando. Akasogea kwa ubavu. Akachota tena. Thongbai alikaa chini akalia, kisha akafuta machozi akamfokea: "Kichwa kigumu! Hata wali hukungoja!"

Mavuno yaliyofuata Lamun alirudi. Thongbai alimshika mkono akampeleka ufuoni, na maji yalikuwa yamepwa. Ufuo mzima ulijaa vidonge, vimepangwa kukizunguka kila kitobo kama miale, na kaa wengi, watoto wa yule wa kwanza, walikuwa kazini. Lamun alisimama kwa muda mrefu. Wageni aliokuja nao walitaka kukimbilia majini, naye akanyoosha mikono kuwazuia.

"Piteni pembeni," akawaambia. "Wanamtafutia mwanangu."

Usiku ule alilala usingizi mzito, jambo ambalo lilikuwa limemshinda tangu msiba.

Na tangu siku hiyo, kila maji yakipwa, kaa wa Pak Nuan hutoka kuchekecha ufuo na kuacha vidonge nyuma yao, na kila maji yakijaa hujifungia chini wakangoja. Tangu siku hiyo hawatembei kwenda mbele, bali kwa ubavu. Na tangu siku hiyo mgeni akiletwa kuona bahari, haharakishwi, na hupitishwa pembeni, penye mivinje. Kwa hiyo wewe kijana, ondoa mguu wako hapo. Ukitaka kujua kama njuga imeonekana, muulize mtu yeyote wa mji huu, mkubwa au mdogo. Atakujibu bila huzuni yoyote, "Bado."