Nyamizi Abaki na Nani?

Mlio ulikuwa mmoja tu usiku ule: mti mkavu ukivunjika. Kisha bweni likanyamaza. Asubuhi gongo la kutembelea la Nyamizi likakutwa uvunguni mwa kitanda chake, vipande viwili.

Miongoni mwa wasichana wa bweni hilo walikuwamo watatu wenye vipawa. Kabula alijaliwa masikio. Alimjua mtu kwa nyayo zake gizani. Mbuke alijaliwa mikono. Kilichovunjika, kwake kilikuwa hakijafa. Tungu alijaliwa mgongo. Kila alfajiri alipandisha ndoo mbili kutoka kisimani, yake na ya Nyamizi. Shule ilipompokea Nyamizi iliamua asichote maji, kisha ikamkabidhi Tungu ndoo yake kwa kuwa ana mabega mapana. Wenzake walimwita punda wa Nyamizi, naye alicheka pamoja nao.

Asubuhi ile Nyamizi alikwenda chooni kwa magoti na viganja, mbele ya shule nzima iliyosimama mstarini. Hakulia. Hilo ndilo lililowashinda watu kutazama.

Mwalimu wa nidhamu alitaka bweni zima lichapwe mpaka jina litoke. Mwalimu Sesilia, mlezi wa bweni, akamwomba amwachie wiki moja. Kila jioni aliwakalisha wasichana kwenye duara, kipande cha gongo kikapita mkono kwa mkono. Sheria ilikuwa hii: aliyekishika aseme, na aseme yake tu, jina la mwingine halitajwi. Kipande kikazunguka, kikazunguka tena, na kila mmoja akasema hana la kusema. Mwalimu wa nidhamu alipita dirishani akauliza kama mti umeshaanza kuongea.

Habari zikamfikia baba yake Nyamizi, Mzee Luhende. Akatuma neno kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mwanawe. Nyamizi aliyajua yanayomngoja nyumbani: mkeka karibu na mlango, na siku nzima ya kutazama kuku.

Kabula akatoa masikio yake. Alikishika kipande akasema, "Nilisikia. Nyayo zile nazijua. Sitamtaja, lakini sitalala mpaka ajitaje mwenyewe." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema kwamba ulikuwa upepo, na kila usiku Kabula alikesha kando ya kitanda cha Nyamizi.

Mbuke akatoa mikono yake. Alikata tawi la mpera, akalichonga, akalikausha juu ya jiko la shule. Kisha akavua sweta lake na kulizungushia pale kwapa linapokaa, yeye akabaki kutetemeka mstarini.

Tungu akatoa mgongo wake. Mpaka tawi lilipokauka alimbeba Nyamizi darasani, bwaloni, chooni. Na zile ndoo mbili hakuziacha.

Jumamosi Mzee Luhende akafika na baiskeli, moja kwa moja akaanza kufunga tranka la bintiye kwenye keria. Mwalimu Sesilia akamsihi aketi kidogo duarani. Aliketi, kamba mkononi, akasikiliza yote waliyoyatenda wale watatu. Kisha akaomba kipande.

"Watoto hawa ni wema," alisema. "Lakini mwanangu ametambaa mbele za watu, na aliyemtambaza yumo humu, anakula ugali. Shule siwezi kuiachia mtoto. Kesho nikija kuuliza, kila mtu ataniambia niende kwa mwenzake. Nipeni mmoja wa kumkabidhi mwanangu. Nimjue, nimuulize yeye. Mkimkosa, naenda kumalizia kufunga."

Nyamizi akasema polepole, "Baba, mnatafuta wa kunibeba, kama ndoo." Lakini kipande hakikuwa mkononi mwake, kwa hiyo hakuna aliyemjibu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mngempa nani? Mwenye masikio aliyekataa uongo usilale bwenini? Mwenye mikono aliyemrudishia miguu? Au mwenye mgongo? Naona wengi mmeshauchagua mgongo. Subirini. Kipande kimefika kwa Tungu.

Alikigeuzageuza. Alisema ndoo ya pili ilikuwa nzito. Alisema tangu Nyamizi aje, hakuna mwalimu wala mwenzake aliyemuuliza kama anaiweza. Usiku ule alidhani kwamba gongo likivunjika, mwenye gongo atarudi kwao, na ndoo itabaki moja. Hakujua kwamba angemwona akitambaa.

Kabula aliinamisha kichwa. Mwalimu Sesilia alitazama mikono yake mwenyewe.

"Aliyevunja ni Tungu," alisema mwenye kipande. "Tungu binti Shija. Ni mimi."

Kamba ikaanza kujizungusha kiganjani mwa Mzee Luhende.

Kipande sasa kiko mkononi mwako, wewe uliyekaa hapa. Nyamizi abaki na nani?