Ua la Mwisho la Mlango wa Shakwani

Hapo zamani, wasikilizaji wangu, enzi ambazo safari ilipimwa kwa miguu na mgeni hakuulizwa anaondoka lini, aliishi milimani mama mmoja aitwaye Bi Kilua pamoja na mumewe, Mzee Shebughe. Walikuwa wamezeeka pamoja. Macho ya mume yalianza kuingia ukungu, magoti ya mke yalilalamika kila akiinuka, lakini ulimi wa Bi Kilua haukuwa umezeeka hata kidogo.

Mzee Shebughe alikuwa mchongaji. Ujanani aliishi Shakwani, mji wa kale wa pwani, mji wa nyumba za mawe na vichochoro vyembamba, na huko alichonga mlango wa nyumba ya tajiri mmoja. Aliumaliza wote, nakshi zake za minyororo na za majani ya mtende, isipokuwa ua moja, chini kabisa kwenye mwimo wa kulia, nguzo ya pembeni ya mlango. Asubuhi aliyokusudia kulichonga ilikuja habari kwamba mama yake yu mahututi. Akaacha kazi, akapanda mlima. Mama akafa, mashamba yakamshika, akaoa, akazaa. Ua likabaki halijachongwa.

Kila mwaka masika yakiisha, mzee alikuwa akisema, "Mwaka huu nitakwenda nikalimalize." Na kila mwaka hakwenda. Mpaka Bi Kilua akachoka kusikia.

"Baba Mwantumu," akasema, "mwaka huu tunakwenda, mimi na wewe. Ukingoja macho yapofuke kabisa, utalichonga kwa pua?"

Akawaita wanawe watatu. Mwantumu, kifungua mimba, alikuwa mjane mwenye watoto, mwanamke wa mipango, asiyeteleka chungu kabla hajajua watakula wangapi. Kupaza, wa kati, alikuwa na mabega mapana na usingizi mzito. Mwanamvua, kitinda mimba, alikuwa na neno kwa kila jambo, na neno lake lilikuwa kali kama la mama yake.

Mwanamvua ndiye aliyeanza. "Wazee wa umri huu huachwa waote jua lao. Ua moja ndilo la kuwavunjia watu mifupa?"

Kupaza akapiga miayo. "Mimi nina paa la kuezeka. Tungoje kiangazi."

"Kiangazi jua litawaua," akasema Mwantumu. "Tutatoka mvua zikikatika tu, njia zikianza kukauka na majani yangali mabichi. Niachieni mimi."

Wakamwachia. Mwantumu akauliza kila mchuuzi wa chumvi na kila mswaga mbuzi aliyetoka pwani: mteremko upi ni mpole, kijiji kipi kina maji matamu. Akachagua vijiji vyenye ndugu, akatanguliza salamu, ili wazee wakifika wakute kitanda na uji wa moto. Akaazima punda mtulivu. Viatu vipya vya mama yake alivivaa yeye mwenyewe akitwanga na kufagia, mpaka ngozi ikalainika, ndipo akamkabidhi.

Wakatoka wote watano. Na safari ikaenda kama alivyosema. Mzee akichoka, punda yuko. Mama akiona njaa, kijiji hiki hapa, na shangazi fulani amesimama mlangoni na maziwa. Bi Kilua alijitazama miguuni, hana hata lengelenge, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Huyu nimemzaa mimi."

Wakafika mtoni. Hapo palikuwa na daraja la magogo, ndivyo wachuuzi walivyosema. Lakini mvua ya mwisho ilikuwa imelizoa daraja lote, na maji yalikuwa mekundu, yakienda kwa kishindo. Mwantumu alitembea ukingoni juu na chini akitafuta kivuko, asikipate. Punda akatia kwato moja majini, akairudisha, akagoma.

"Basi," akasema Mzee Shebughe. "Mungu hakupenda. Turudini."

Kupaza akasogea ukingoni. Alivua shuka lake, akaingia mtoni na fimbo na kamba, akayapima maji mpaka yakamfika kifuani, akafunga kamba ng'ambo ya pili, akarudi. Akachuchumaa mbele ya baba yake. "Baba, panda."

Akamvusha. Akarudi, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mwanangu, mimi si mwepesi," akasema Bi Kilua.

"Mama, shika shingo, uache masikio."

Katikati ya mto gogo lililokuwa likielea likampiga Kupaza gotini. Bi Kilua alilisikia goti likilia, akamsikia mwanawe akivuta pumzi, lakini mikono iliyombeba haikushuka hata chembe. Mwantumu na Mwanamvua wakavuka kwa kushika kamba. Punda walimwacha kwa wenyeji. Kuanzia hapo hadi Shakwani Kupaza alimbeba baba yake mgongoni akichechemea, na goti lake likavimba.

Wakaingia mjini alasiri. Bi Kilua alikuwa amesikia habari za Shakwani tangu siku za uchumba, na alidhani mumewe alitia chumvi. Sasa akaona kuta ndefu zilizogawana kivuli, akasikia harufu ya udi ikishindana na ya samaki wa kukaanga, akasema moyoni, "Kumbe alipunguza."

Nyumba waliiona. Mwenyewe, Mwana Hidaya, binti wa yule tajiri, naye alikuwa bibi sasa. Aliposikia wageni ni nani, alishika kichwa. "Mchongaji! Baba yangu alikufa akikutaja."

Mzee Shebughe akapiga magoti mlangoni. Akapitisha vidole kwenye minyororo, kwenye majani, mpaka chini, palipokuwa patupu. Akatoa patasi. Mkono ukatetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Akairudisha patasi mfukoni, akainuka, akaanza kuondoka kichochoroni akipapasa ukuta.

"Aliyechonga mlango huu amekufa," akasema. "Mimi ni babu tu. Nitauharibu."

Mwantumu akamsihi, hakugeuka. Kupaza akamwita, hakugeuka. Bi Kilua mwenyewe akamshika bega, naye akajitoa. Mwanamvua akamfuata hadi kwenye kona, akasimama mbele yake.

"Baba, ulikuja kuchonga ua au kuchonga sifa?"

Mzee akasimama, mkono ukiwa ukutani.

"Likiwa bovu litakuwa bovu lako. Likibaki hivi si la mtu. Nipe mkono huo, mimi nitaushika, wewe uchonge."

Watu wa mtaa wakashika midomo: binti gani huyu anayesema hivi na baba yake? Lakini Mzee Shebughe akaangua kicheko, akarudi. Mwanamvua akakishika kifundo cha mkono wake kwa mikono miwili, na patasi ikaanza kula mti. Ua likatoka. Liliinama kidogo upande mmoja, kama ua la kweli lililopigwa na upepo.

Mwana Hidaya akapanguza macho, akaingia ndani, akatoka na ufunguo. "Baba yangu aliacha kiapo," akasema. "Atakayemrudisha mchongaji kwenye mlango huu, apewe chumba cha juu, chake na kizazi chake. Ni mtu mmoja. Marehemu aliogopa chumba chenye wenyewe wengi." Akautia ufunguo mkononi mwa Bi Kilua. "Wewe ndiwe mama. Sema."

Mwantumu akasema, "Mama, nimelea wanangu kwenye uwanja wa wakwe wanaonihesabia maji ya kunywa. Nani aliyejua msimu, njia na vitanda? Bila mimi mngekuwa bado mnasema 'mwaka huu, mwaka huu.'"

"Mpango wako ulifika mtoni ukazama," akasema Kupaza. "Aliyemrudisha ni aliyembeba. Tazameni goti hili. Mteremko wa shamba letu sitaulima tena. Hapa mjini ningepata kazi ya kukaa."

"Wewe ulimfikisha," akasema Mwanamvua, "lakini kiapo kinasema kumrudisha. Alipoupa mlango mgongo, nani alimrudisha? Na nimeonja patasi leo, mama. Mafundi wa hapa hawamfundishi asiyekaa mjini. Nataka kujifunza."

"Wewe uliyesema waachwe waote jua!" akasema Mwantumu.

"Na huyu aliyetaka kungoja kiangazi!" akasema Mwanamvua, akimnyooshea kidole Kupaza.

Bi Kilua akamgeukia mumewe. "Baba Mwantumu, nani alikurudisha?"

"Mimi nilikuwa mzigo," akasema mzee. "Mzigo haujui nani aliubeba zaidi. Ila kama ni kweli tupu, wewe ndiwe uliyesema twende."

Wana wote watatu wakamtazama mama yao. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

Bi Kilua aliupima ufunguo kiganjani. Alikuwa ameamua kesi za kuku, za mipaka na za wakwe, na hata siku moja hakuwa ameikimbia kesi. Alimtazama mwenye mipango, akamtazama mwenye goti, akamtazama mwenye ulimi. Aliwapenda wote sawasawa, na alijua mapenzi hayafungui kufuli. Akataja jina moja bila kusita, na mwenye jina hilo akashika ufunguo, akapanda ngazi.

Jina hilo ninalo mimi, na sitalitoa mpaka nisikie yenu. Semeni basi, tena kila mmoja atoe sababu: aliyepanga, aliyebeba, aliyemgeuza njiani, au mama aliyesema twende. Je, kati yao, nani alistahili ufunguo ule?