Zimwi Lililokosa Pa Kulala

Paukwa! Mbona mnaitikia kinyonge? Ngano hii si ya kusinzilia.

Mwinjuma alitaka kujenga kiwanda cha sukari kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya kijiji chao. Udongo wa kukifukia akauchimba mlimani, kilipokaa kijiji, hadi mlangoni pa nyumba aliyoishi na mama yake.

Alipomwaga tela la kwanza, zimwi la kinamasi likaibuka, matete yamemea kichwani. "Mwinjuma, chukua nusu, nusu niachie. Mimi ndimi niyalaliaye mafuriko yasifike kwenu."

Mwinjuma akamwaga.

Likaomba robo. Akamwaga.

Likaomba pa kulaza kichwa tu. "Nikikosa hapa, nitalala wapi?"

"Kalale kwangu!" akafoka Mwinjuma.

"Ahsante kwa kunikaribisha," likasema zimwi, likazama.

Mama yake alipoambiwa akajishika kichwa. "Mwanangu, zimwi halikaribishwi kwa mzaha! Na mlima wenyewe umeumaliza. Sasa sisi ndio tuko bondeni."

Mwinjuma akacheka, akaenda kuwasha mitambo.

Masika yakaja. Kiwanda kikasimama juu, kikavu, kikifuka moshi. Maji yakateremka kijijini, yakabisha hodi kwa mama yake, yakaingia, yakajaa hadi darini.

Hata leo, honi ya jioni ikilia, wenzake hurudi makwao. Mwinjuma husimama ukingoni na kuita, "Mama!"

Sauti ya mama yake humjibu kutoka chini ya maji: "Usipige kelele, mwanangu. Mgeni wako amelala."

Ngano yangu imezama hapo. Mwenye kuweza na aiopoe.