Mashujaa Wawili wa Uso Mmoja

Wahenga hawakumwonea nyani. Walimkuta akicheka makalio ya mwenzake ilhali yake ameyakalia, wakatutungia methali sisi tunaojua kunyoosha kidole kuliko kujitazama. Mwaka huu methali hiyo ilipanda basi Newala asubuhi, ikashuka Masasi imefura kwa hasira. Jina lake Magdalena, mchora mabango.

Magdalena alikuwa ametunga katuni za shujaa aitwaye Chale. Chale za uso wake zikiwaka, hubeba bomba la maji begani kutoka bonde la Ruvuma hadi Newala. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam aliahidi kuchapa kitabu cha shujaa mmoja tu wa kusini, na Magdalena alikwisha kujiona mshindi. Kisha akasikia kwamba Faruku, kijana wa Mkomaindo, Masasi, naye ana shujaa wake, Nembo. Alipoiona katuni hiyo, akafunga safari ya Masasi.

Ukumbini Masasi, mbele ya watu na Bi Oliva aliyetumwa na mchapishaji kuchagua shujaa, Faruku alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, dada."

Magdalena hakuitikia. Kumnyima mtu marahaba mbele za watu si jambo dogo, na ukumbi mzima uliona.

"Linganisheni wenyewe!" akafoka, katuni zote mbili mkononi. "Wangu uso wake huwaka, wake huwaka! Wangu mchana hupima korosho ghalani, wake hupima korosho ghalani! Wangu huishiwa nguvu akimwagikiwa mafuta ya ganda la korosho. Wake je? Vivyo hivyo! Na sura, tazameni sura! Huu ni wizi wa mchana kweupe!"

"Dada, korosho ni zetu sote," Faruku akajibu. "Nani huku hajababuliwa na mafuta yake? Lakini uso huo una mwenyewe. Ni wa kinyago cha Mzee Dastani, mchongaji wa kwenu Newala. Mimi nilikwenda kumwomba."

Bi Oliva akafungua katuni ya Faruku, akasoma kwa sauti: "Uso huu ni kazi ya Mzee Dastani. Nimeuchora kwa ruhusa yake." Akafungua ya Magdalena: "Sura na hadithi, vyote vimebuniwa na Magdalena peke yake."

"Unamfahamu mzee huyo?" akamwuliza Magdalena.

"Ni jirani yangu." Wiki tatu alikuwa amekaa barazani kwa Mzee Dastani, akikinakili kinyago kile chale kwa chale, na hata siku moja hakuona kwamba anachukua cha mtu. "Lakini kile ni kinyago tu! Mzee mwenyewe hajui hata katuni ni nini!"

Watu wakaguna. Bi Oliva akasimama, macho yamemwiva.

"Kinyago tu? Akikuiga kijana ni wizi, ukimwiga mzee ni ubunifu? Huna haya!"

Kitabu akapewa Faruku, na jina la Mzee Dastani likawekwa kwenye jalada.

Jioni Magdalena alirudi Newala, bado akinung'unika kwamba ameonewa. Mzee Dastani alikuwa ameketi barazani kwake, patasi mkononi. Habari zilikwisha kumfikia kwa simu.

"Ungeniomba, mwanangu," akasema taratibu, "ningekupa."

Magdalena akatafuta wa kumlaumu, asimpate. Hakika, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.