Miaka Hamsini ya Kombo Upawa

Hapo zamani, katika mji wa Shangamu, palikuwa na mfereji. Hebu fumbeni macho kidogo muuone: maji yanatoka kilimani, yanashuka taratibu kati ya majaruba ya mpunga, na kila yanapogawanyika pana lango la ubao. Kando ya kila lango amesimama kijana, miguu ndani ya tope, mkono juu ya ubao, lakini ubao hauinui. Maji yanapita mbele yake, mpunga unakauka nyuma yake, naye anangoja ruhusa.

Ruhusa ilitoka kwa Mzee Vuai, Mkuu wa Mfereji, ambaye alikuwa na umri wa miaka sabini, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kukikataa kile kilima. Desturi ya mji ilikuwa kwamba hakuna ubao unaoinuliwa bila neno lake. Basi ikawa mtu hutumwa kutoka mashambani mpaka barazani kwa mzee, humkuta amelala, hungoja aamke, huulizwa habari za nyumbani, hupewa kahawa, kisha ndipo hupewa neno. Na anapolifikisha shambani, maji yamekwisha kwenda zake bondeni.

Katika mji huo alikaa Kombo, maskini asiye na shamba wala kuku. Mali yake yote ilikuwa upawa mmoja wa kifuu, ambao alikwenda nao kwenye karamu za watu akawasaidia kukoroga vyungu, na kwa njia hiyo akala. Ndiyo sababu aliitwa Kombo Upawa. Watu walimwona punguani, naye hakuwasahihisha. Lakini mwaka ule, mpunga ulipoanza kugeuka manjano kabla ya wakati wake, Kombo alifahamu kwamba bila mavuno hakutakuwa na karamu, na bila karamu upawa wake hautapata chungu. Jambo hilo lilimkosesha raha.

Basi akaenda kwa Sultani Mwinyifaki, pamoja na binti mmoja aliyeitwa Mwanakheri, mlinzi wa lango la tatu. Mwanakheri akaeleza kwa adabu kwamba vijana wa malango wanayajua maji, na kama wataruhusiwa kuinua mbao wenyewe, mpunga utapona. Washauri wakacheka ndani ya ndevu zao. Sultani hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuwafurahisha washauri wake. Akasema, "Binti yangu, kazi ile inataka miaka hamsini ya kusimama majini. Mzee Vuai anayo. Nyinyi mnayo wapi?"

Kombo akainama. "Bwana wangu, tukikuletea miaka hamsini, utatupa malango?"

"Ileteni hapa mbele yangu siku ya Ijumaa, niione kwa macho yangu. Mkishindwa, kijana yeyote asinitajie tena habari ya mfereji. Nawe Kombo utatoka katika mji wangu, wewe na upawa wako."

Njiani Mwanakheri akasema, "Ami Kombo, mimi tangu kuzaliwa nina miaka kumi na minane tu. Umetuponza."

"Huenda," akasema Kombo. "Lakini majini umesimama mingapi?"

Mwanakheri akahesabu kwa vidole. "Mitano."

"Basi imebaki arubaini na mitano. Twende lango la nne."

Ikafika Ijumaa. Kombo akaingia barazani kwa Sultani, ambapo Mzee Vuai naye alikuwa ameitwa, akifuatwa na vijana kumi na mmoja, waliotoka malangoni moja kwa moja, tope likiwa bado magotini, na mikeka ya Sultani ikapata alama za nyayo zao. Kombo akamwomba kadhi awe mhesabu. Kila kijana akaitaja miaka yake ya majini, huyu mitano, huyu minne, yule sita, na kadhi akavuta punje za tasbihi yake mpaka wa mwisho, akasema, "Hamsini na miwili."

"Ile miwili ni nyongeza, Bwana wangu," akasema Kombo, "nisije nikashtakiwa kwamba nimepunja."

Sultani akakunja uso. "Nilitaka miaka hamsini, nawe umeniletea vipande vipande."

"Ulisema miaka, Bwana wangu, hukusema vichwa. Nami ni punguani, naleta nilichoambiwa. Lakini kama inatakiwa ya kichwa kimoja, Mzee Vuai huyu hapa. Niruhusu nimwulize neno moja."

Sultani akaruhusu. Kombo akapiga magoti mbele ya mzee, na heshima ile haikuwa ya mzaha, maana alimpenda. Hila zake zilikuwa zimeishia pale. Jibu hakulijua.

"Babu, siku uliyopewa malango, ulikuwa umesimama majini miaka mingapi?"

Mzee Vuai akafikiri sana, hata wengine wakadhani amelala. Kisha akasema, "Hata mmoja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini. Homa iliwalaza wazee wote, na babu yake Bwana Sultani alinikuta napita na mzigo wa kuni. Akaniambia, tua kuni, shika mfereji. Siku ya tatu nikafungua lango silo, maji yakaingia jikoni kwake, sufuria zikaelea mpaka ukumbini."

Sultani akasogea mbele. "Akakufanya nini?"

"Akanitazama. Akanipa ufagio niyatoe maji. Kisha akaniambia, 'Kesho fungua lile la kushoto.'"

Aliyeanza kucheka alikuwa Sultani mwenyewe, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaamuru kila kijana ainue ubao wake kwa akili yake, Mwanakheri awe kiongozi wao, na Mzee Vuai achukuliwe kwa kiti kila asubuhi mpaka ukingoni, aulizwe yale anayoyajua, si aombwe ruhusa. Kombo akapewa kazi ya kukoroga vyungu jikoni mwa Sultani, maisha yake yote.

Siku ya nne, kijana wa lango la saba akakosea. Kombo alikuwa akikoroga mchuzi, mara akaona maji vifundoni, kisha sufuria moja ikampita ikielekea mlangoni. Sultani akatoka mbio, na kiatu chake kimoja kikielea mbele yake. Watumishi wakajibana ukutani wakingoja kusikia ni nani atakayefungwa.

Sultani alikitazama kile kiatu muda mrefu. Akamgeukia Kombo, akasema, "Mpelekee yule kijana ufagio. Na kesho afungue lile la kushoto."

Mpunga uliiva mwaka ule, na karamu zikawa nyingi. Nanyi mlionisikiliza, mkisahau mengine yote, hata jina la Kombo, nawaombeni mkumbuke ule ufagio.