Mtunzi na Mwito wa Mama Yake

Palikuwa na mtu, jina lake Aminieli, kwao Kilimanjaro, anaishi Dar es Salaam, kazi yake kutunga hadithi. Msinibishie: tangu kalamu iumbwe hajatokea mwandishi kama yule. Akiandika mvua, unatoka mbio kuanua nguo. Mimi darasa la nne lenyewe sikulimaliza, lakini nilipokisoma kitabu chake ugali uliungua, sufuria ikaungua, jiko nalo nusura liondoke, na mimi nimekaa palepale nafunua kurasa.

Kila Desemba, kama Wachaga wote, alipanda kwao kula Krismasi. Wenzake walikwenda kuchinja mbuzi na kulala mpaka jua kali. Yeye alikwenda kuokota vioja.

Mwaka mmoja aliandika jogoo wa jirani, aliyekuwa akiwika saa saba mchana. Watu wa mjini wakacheka mpaka wakadondoka vitandani. Desemba iliyofuata, saa saba ilipofika, jogoo yule alipanda ukutani, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Kimya. Kama mtu kamtoa kitu kooni. Watu wakasema mafua.

Halafu akaandika kicheko cha baba yake mdogo, Kiwia. Kicheko kile kilikuwa kinavuka mpaka, ng'ombe wa Kenya wanaacha kunywa maji. Sikukuu iliyofuata wamekaa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, mtu akatania. Baba Mdogo Kiwia akatupa kichwa nyuma, mabega yakatikisika, meno yote nje, machozi yanamtoka. Sauti hakuna. Akabaki hivyo, mdomo wazi, anawatazama mmoja mmoja. Siku ile mbege ilimwagwa.

Akabaki mama.

Mama huyu alikuwa na jambo lake. Mtoto wake akirudi, hata hajafika getini, yeye huko jikoni keshajua. Anatoka, anamwita. Anaanza na jina lake, anaunga la babu yake, anaunga la babu wa babu, anavuta sauti mpaka migomba inainama. Aminieli angepanda na homa ya mwaka mzima, akiitwa hivyo imekwisha. Hata vioja ni kisingizio tu. Mlima alikuwa anaupandia mwito ule.

Dada yake, Aikande, akamwona anaandika mwito ule daftarini, akamvuta pembeni. "Kaka, jogoo umemmaliza. Baba Mdogo umemmaliza. Mwito wa mama uache."

"Aika, we nawe! Naandika, sichukui. Kwani mtu akipigwa picha anapungua kilo?"

"Haya, kamwambie Baba Mdogo acheke."

Aminieli akabeba begi lake. Akarudi mjini, akaandika. Na kitabu kile kilisomwa, jamani! Watu waliofiwa na mama zao walikilaza kifuani wakapata usingizi.

Desemba ikafika. Mchana mweupe, jua la kukaanga samaki, kaka na dada wanapanda pamoja. Mama akatoka jikoni. "Aikandeee!" Akamwita na ukoo wake wote, hakuruka hata mmoja. Kisha akamgeukia Aminieli, akafuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, baba. Umemsindikiza binti yangu? Ubarikiwe. Kwenu ni wapi?"

Aminieli akacheka, akidhani utani. Mama akamletea kiti cha wageni na kikombe cha wageni. Akamwonyesha picha ya familia ukutani, akamtajia watoto wake kwa majina. Kilipofika usoni pa Aminieli, kidole kilipita kama kinapita juu ya msumari.

Akili alikuwa nazo zote. Alijua bei ya kahawa, alijua ndizi ipi iko tayari. Mwanawe tu ndiye hayumo.

Sasa, kwa Wachaga, ukimkosea mtu ukamletea jani la isale lililofungwa fundo, hana ruhusa ya kukunyima msamaha, hata kama umemuulia ndugu. Aminieli akakimbilia kwenye uzio, akakata jani, akafunga fundo, akapiga magoti. Hapo ndipo msomi wetu alipopotea: isale inaleta msamaha, hairudishi kitu. Mama akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, baba. Ingawa sijui ulinikosea nini."

Aminieli akatoa kitabu begini. Akafungua pale penye mwito, akasoma kwa sauti. Na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake, ileile, inavutwa, jina juu ya jina, na migomba yote ya boma ikainama. Aikande akaziba masikio. Mama akasikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani, machozi yanatiririka.

"Mtoto huyo anapendwa," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Na nyie mnaonicheka hapa, mnaofika kwenu sikukuu na simu imetangulia kabla ya salamu, mama akifungua mdomo mnamwambia "ngoja kwanza niwashe kamera": mkishamtia mzima humo ndani, huku nje atabaki nani wa kuwaita?